Simu ya saa nne: namna ya kumsaidia kijana mwenye usonji wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Kufikia katikati ya Aprili, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nyumbani. Kwa kijana mwenye usonji (autism, yaani ubongo unaopokea hisi, maneno na mabadiliko kwa namna tofauti), ile haikuwa likizo. Basi la asubuhi halikuja. Mwalimu aliyemzoea hakuonekana tena. Njia aliyoipita kila siku ikafungwa, na kila mtu mzima aliyemuuliza "mpaka lini?" alimjibu kwa kubahatisha.

Mashirika ya misaada yalikimbilia kugawa vifurushi. Ni jambo jema, nami nimebeba vifurushi hivyo kwa mikono yangu. Lakini nilikuja kuona kwamba kilichowatesa vijana wengi kuliko upungufu wa vitu ni kutojua. Msaada unaofika bila taarifa, saa yoyote, mkononi mwa mgeni, kwao ni msukosuko juu ya msukosuko. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinarudi kwenye jambo moja: unachompa kijana kifike wakati uliosema, kiletwe na mtu uliyemtaja, na kiwe kama ulivyokieleza.

Nimeandika nikifikiria vikundi vidogo vyenye watu wachache wanaojitolea na fedha kidogo. Mengi yanawafaa pia vijana wengine walio hatarini: wenye ulemavu wa akili, wenye maradhi ya muda mrefu, wanaolelewa nje ya familia zao, na wale wanaowauguza wazazi wao wenyewe.

Hatua ya 1: Andikeni orodha, wala msidai cheti

Anzeni na mnaowajua, kisha waulizeni walimu, wahudumu wa afya na wazazi ni nani mwingine. Msiweke sharti la karatasi ya daktari. Wapo vijana wengi, hasa wasichana, ambao usonji wao haujatambuliwa au umetambuliwa wakiwa wakubwa, na wakati wa mlipuko vipimo vya namna hii ndivyo vinavyosimama kwanza. Mzazi akisema mwanawe hawezi kuvumilia kelele na amechanganyikiwa tangu shule ifungwe, hiyo inatosha kumwingiza kwenye orodha.

Kila kijana awe na ukurasa wake mmoja. Uandikeni pamoja naye, siyo na mama yake peke yake. Anaongea kwa maneno, kwa picha, kwa kuandika au kwa ishara? Nini kinamtisha? Nini kinamtuliza? Anakula nini na hali nini? Anatumia dawa gani, na zimebaki za siku ngapi? Nani apigiwe simu mzazi akiugua? Swali hili la mwisho familia nyingi hulikwepa, na ndilo la haraka kuliko yote. Mlezi pekee akilazwa leo usiku, kijana ataamkia kwa nani?

Ukurasa huo ni siri yake. Wauone watu wawili au watatu tu wanaomhudumia, na usirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wanaojitolea.

Hatua ya 2: Mtu mmoja kwa kijana mmoja

Mpeni kila kijana mtu wake, na huyo ndiye atakayempigia wiki baada ya wiki. Siku ya kwanza atume picha yake, jina lake na sentensi mbili tatu: mimi ni nani, nitakupigia lini, tutaongea kwa muda gani. Wiki hiyo hiyo mtambulisheni na wa akiba, kwa sababu huyu wa kwanza naye anaweza kuugua. Mgeni anayejitokeza siku ya matatizo amechelewa.

Mtu mmoja asipewe vijana zaidi ya watano au sita. Akizidishiwa atachelewa, na kuchelewa hapa si jambo dogo. Nakumbuka kijana aliyeahidiwa simu saa nne kamili asubuhi. Mwenzetu alipiga saa nne na dakika saba, akiwa na sababu nzuri kabisa. Simu ilikuwa imezimwa. Baadaye dada yake alitueleza kwamba alikaa mezani tangu saa tatu na nusu akiitazama saa, na ilipofika saa nne na dakika mbili akaizima simu, akaingia chini ya kitanda. Wiki iliyofuata tulipiga saa nne kamili. Hakusema neno, lakini alipokea. Wiki ya tatu akasema "Habari."

Tangu hapo tukaweka utaratibu: ukiona utachelewa, tuma ujumbe kabla ya saa yenyewe, siyo baada yake, na utaje saa mpya. Usiseme "nitakupigia baadaye kidogo."

Hatua ya 3: Mwelezeni ugonjwa kwa maneno yanayomaanisha yanachosema

Hapa nitakaa kidogo, maana lugha yetu ina mitego mingi na wengi wetu hatuioni.

Sisi husema "nakuja sasa hivi" tukiwa bado hatujavaa viatu. Husema "tutaongea kesho" tukimaanisha siku yoyote ijayo. Tunapoaga husema "tutaonana" hata kama hatujui lini. Kijana mwenye usonji mara nyingi huyachukua maneno kama yalivyo, kwa hiyo hizo zote kwake ni ahadi. Zikivunjika, anajifunza kwamba maneno yenu hayana maana, na siku mtakapomwambia jambo zito la afya yake hatakuwa na sababu ya kuwaamini.

Vivyo hivyo kwa lugha ya vita iliyozagaa wakati wa mlipuko: adui asiyeonekana, vita, mashambulizi. Kuna watoto waliokaa macho usiku wakimsubiri adui mlangoni. Semeni kirusi, semeni ugonjwa. Wala msiseme "usiguse kitu chochote," maana yupo atakayelitii neno hilo kama lilivyo na kukataa kushika hata kijiko.

Njia iliyosaidia wengi ni hadithi fupi ya kueleza hali. Namna hii ya kuandika ilianzishwa na mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huandikwa kwa nafsi ya kijana mwenyewe, kwa sentensi fupi, bila vitisho wala amri, na ikiwezekana kila sentensi iwe na picha yake. Kwa mfano:

"Kuna ugonjwa mpya. Unaweza kumpata mtu akikaa karibu na mgonjwa. Shule yangu imefungwa ili watu wasiambukizane. Nitasoma nyumbani. Mwalimu wangu yuko nyumbani kwake. Shule ikifunguliwa, mama ataniambia tarehe. Naweza kuogopa. Nikiogopa, naweza kujifunika blanketi langu au kumwandikia mama. Wanasayansi wanatafuta dawa na chanjo."

Angalia kilichoachwa. Haikuandikwa kwamba kila kitu kitakuwa sawa, wala kwamba shule itafunguliwa wiki ijayo. Akiuliza lini, mjibuni hivi: "Sijui tarehe. Nitakapoijua nitakuambia siku hiyo hiyo." Kisha mfanye hivyo kweli. Kanuni za serikali zikibadilika, iandikeni upya hadithi, na sentensi iliyobadilika wekeni rangi tofauti ili aione.

Na kama kuna kifo, semeni kifo. Hili ni gumu kwetu, kwa kuwa adabu yetu hulifunika neno hilo: amelala, ametutoka, ametangulia, hatunaye tena. Kijana akiambiwa babu amelala, anaweza kuanza kuogopa kitanda chake. Akiambiwa ametutoka, atakaa dirishani kumngoja arudi. Mwambieni: "Babu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi. Wewe hukusababisha." Kama mazishi yamezuiwa au yamepunguzwa watu, mwelezeni kwa nini hakwenda, na mmtafutie njia ya kumuaga kwa kuchora, kuandika au kutazama picha. Asipolia, msidhani hajaumia. Huzuni yake inaweza kujitokeza baada ya wiki nyingi, kwa namna msiyoitarajia.

Hatua ya 4: Saidieni nyumba iwe na ratiba

Msipeleke ratiba ya shule nzima. Anzeni na nguzo tatu: kuamka, jambo moja la mchana, kulala. Zichoreni au mzipige picha, mzibandike ukutani. Kwa anayelemewa na siku nzima, tumieni kibao cha vipande viwili tu, "sasa" na "kisha". Acheni nafasi moja yenye alama ya kuuliza kwa ajili ya mambo yasiyojulikana, ili nayo iwe na mahali pake kwenye siku.

Mzazi akiwaambia mtoto anazungukazunguka, anapunga mikono au anarudia sentensi moja kutwa nzima, mtulizeni mzazi. Hivyo ndivyo mwili wake unavyojiweka sawa. Kumkataza wakati huu ni kumnyang'anya fimbo aliyoegemea.

Hatua ya 5: Mawasiliano kwa namna anayoiweza

Mwiteni kwa njia aliyoichagua. Wengine hawawezi simu ya sauti kabisa ila wanaandika vizuri. Wengine wanataka video lakini kamera yao izimwe. Wapo wanaotaka tu mtu awepo upande wa pili wakati wanajenga au wanachora, bila mazungumzo, na dakika kumi za namna hiyo ni ziara kamili. Msimlazimishe kutazama kamera.

Kundi la mtandaoni liwe dogo, watu wanne hadi sita, na liwakutanishe kwa wanachokipenda: treni, ramani, wanyama, michezo ya kompyuta. Ajenda itumwe siku moja kabla. Mwisho utangazwe dakika tano kabla. Anayetaka kuandika badala ya kusema aruhusiwe, na majibu yake yasomwe kwa uzito ule ule.

Shirika lilipe gharama ya intaneti. Mwaliko wa video kwa familia isiyo na bando ni mlango uliofungwa.

Usalama hauna mjadala hapa. Kila kikao kiwe na watu wazima wawili, wanaojitolea wachunguzwe kabla ya kuanza, na asiwepo anayewasiliana na kijana kwa siri kupitia akaunti yake binafsi. Kufungiwa ndani kunawafungia wengine pamoja na anayewadhuru. Kubalianeni na kila kijana ishara moja, neno au picha, inayomaanisha "sina usalama, siwezi kusema," na kila anayepiga simu ajue atamwarifu nani ishara hiyo ikija.

Hatua ya 6: Vifurushi na dawa

Ulizeni kwanza, kisha ndipo mnunue. Vijana wengi wenye usonji hula vyakula vichache sana, na si kwa deko: ladha, harufu au mguso mpya huweza kumtapisha. Kwao mfuko wa chakula uliopangwa sawa kwa kila kaya unaweza usiwe na hata kitu kimoja cha kulika. Mara moja tulipeleka biskuti zile zile alizozizoea kijana, ila kiwanda kilikuwa kimebadilisha rangi ya pakiti. Alizitoa zote, akazipanga mezani, akazigeuza uso chini moja baada ya nyingine. Hakula kitu hadi kesho yake. Mama yake alipozimimina kwenye kopo la zamani, akala. Siku hizi huwa tunawaambia familia zisitupe makopo na pakiti tupu.

Tumeni picha ya kifurushi kabla hakijafika, pamoja na picha ya atakayekileta akiwa amevaa barakoa yake. Mletaji akiweke mlangoni, arudi nyuma, asigonge kama kugonga kunamtisha kijana.

Kuhusu dawa, hesabuni siku zilizobaki kila wiki. Kifafa huwapata wenye usonji kuliko watu wengine, na kukatika kwa dawa za kifafa hata kwa siku chache kunaweza kuleta degedege. Dawa zikibaki za siku kumi na nne, anzeni kuzitafuta.

Hatua ya 7: Barakoa, sabuni na kipimo

Kamba za barakoa masikioni, pumzi ya moto usoni, harufu kali ya kitakasa mikono: kwa mtu ambaye hisi zake ziko juu, hayo ni maumivu, siyo ukaidi. Jaribuni polepole. Siku ya kwanza barakoa ikae mezani tu. Kisha aishike. Kisha aiguse shavuni kwa kuhesabu mpaka tatu. Kisha sekunde kumi, dakika moja, dakika tano akifanya jambo analolipenda. Mpeni achague kitambaa. Kamba zinaweza kufungwa kwenye vifungo vya kofia badala ya masikio.

Akishindwa, ameshindwa, na haki iko upande wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa Agosti 2020 ulisema watoto wenye ulemavu au matatizo ya ukuaji wasilazimishwe barakoa, bali kila mmoja aangaliwe kwa hali yake. Katika hali hiyo wanaomzunguka wavae wao, madirisha yafunguliwe, na matembezi yawe saa zisizo na watu.

Kuosha mikono kwa sekunde 20 kunahitaji wimbo au kipima muda, kwa sababu mwanzo na mwisho lazima vionekane. Lakini mwangalieni pia anayeosha kupita kiasi, mpaka ngozi ikapasuka. Huyo hofu imemzidi, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, siyo sifa za usafi.

Hatua ya 8: Kutoka nje na kukutana na mamlaka

Wapo vijana wasioweza kumaliza siku bila kutembea. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwanzo wa serikali ulitaja mazoezi ya mara moja kwa siku. Baada ya familia za watoto wenye usonji kupinga kisheria, Aprili 2020 mwongozo wa serikali ulibadilishwa ili wenye mahitaji ya kiafya kama hayo waweze kutoka zaidi ya mara moja, hata kwenda mbali kidogo na nyumbani. Nalitaja ili mjue kwamba kanuni huwa zinasogea zinaposukumwa. Andikieni mamlaka mapema, msingoje kijana akamatwe. Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinazitaka nchi kuwalinda watu wenye ulemavu wakati wa hatari na dharura.

Mpeni kijana kadi ya mfukoni: "Nina usonji. Naweza nisijibu. Tafadhali usinishike. Mpigie fulani." Fanyeni naye mazoezi ya kuionyesha.

Hatua ya 9: Hospitali

Tayarisheni karatasi ya hospitali wakati kijana ni mzima. Ieleze anavyoonyesha maumivu, kwa kuwa wengine hawasemi wanaumwa wala hawalii, bali hunyamaza au hujipiga. Iseme anahitaji mtu wake karibu. Wodi zikizuia wageni, ombeni huyo ahesabiwe kama msaidizi wa mawasiliano, na ombi liwe kwa maandishi.

Na kuweni macho juu ya jambo hili. Machi 2020, nchini Uingereza, taasisi inayoandika miongozo ya tiba, NICE, ilibidi irekebishe mwongozo wake wa wagonjwa mahututi baada ya watu kulalamika. Kipimo cha udhaifu wa mwili kilichotengenezwa kwa wazee kingeweza kumpa kijana mwenye usonji alama mbaya, na hivyo kumkosesha tiba ya mahututi, kwa sababu tu anahitaji kusaidiwa kuvaa na kula. Taasisi ikafafanua kwamba kipimo hicho kisitumike kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa wenye usonji au ulemavu wa akili. Mkisikia mahali popote kwamba kijana amewekewa uamuzi wa kutohuishwa (yaani moyo wake ukisimama asijaribiwe kurudishwa) bila familia kuzungumzishwa, ulizeni siku hiyo hiyo: nani ameamua, na kwa sababu gani ya kitabibu?

Hatua ya 10: Dalili ambazo hazingoji simu ijayo

Ameacha kula vitu alivyokuwa anavipenda. Amepoteza maneno au ujuzi aliokuwa nao. Halali. Anajiumiza. Amenyamaza kabisa, na watu wanamsifu kwa utulivu. Hatari ya kujiua ni kubwa zaidi kwa watu wenye usonji, kwa hiyo ulizeni waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na kuuliza kwa mafumbo hakumsaidii mtu asiyesoma mafumbo. Kila anayepiga simu awe na namba ya huduma ya dharura mbele yake kabla hajaanza.

Msisahau wazazi. Mpeni mama au baba saa moja ambayo si ya mtoto: mtu wenu anakaa na kijana kwenye video, naye analala. Ndugu wa kijana nao wapigiwe simu yao, maana kwa miezi hiyo wamekuwa walezi bila kuulizwa.

Hatua ya 11: Kurudi

Kufunguliwa ni mabadiliko makubwa kama kufungwa. Wapo vijana waliopata nafuu nyumbani, mbali na kelele na uonevu wa darasani, na kwao habari ya kufungua shule ni habari mbaya. Waulizeni kabla ya kuwapongeza. Fanyeni safari ya majaribio shule ikiwa tupu, pigeni picha za vilivyobadilika, anzeni na saa moja kwa siku.

Huduma ya simu nayo isikatike ghafla eti kwa kuwa ufadhili umeisha. Simu zikibaki nane, mtumieni karatasi yenye visanduku vinane na tarehe zake, akate kimoja kila baada ya simu. Ya mwisho iitwe ya mwisho. Chini ya karatasi pawe na namba ya kupiga akihitaji, picha ya atakayepokea, na saa anazopatikana.